Negativu Moja, Mashine Mbili

Mume wangu alirudi kutoka Urambo akiwa na homa, na kabla ya wiki kwisha akaswaliwa msikitini baada ya adhuhuri. Alikuwa mpiga picha. Tulikuwa na studio ndogo Ng'ambo, hapa Tabora: chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba na chungu cha maua, na cha nyuma kilikuwa chumba cha giza. Yeye alipiga, mimi nikasafisha. Watu wengi hawakujua hilo. Walidhani mkewe yuko jikoni, kumbe yuko nyuma ya blanketi jeusi, mikono imelowa dawa.

Sikulia. Wakati wa mazishi wanawake wa mtaani walinizunguka, wakanishika mabega, wakalia wao. Mama mmoja alinisogelea akaniambia polepole, "Lia mwanangu, upate nafuu." Nikamwitikia, "Ndiyo, mama," kama mtu aliyeambiwa asogeze kiti. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Unajua mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiugusa unaona kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Nikawa hivyo mwili mzima. Nilingoja ile michomo inayokuja damu inaporudi. Haikuja. Nikakaa eda ndani ya nyumba, nikisikiliza cherehani ya shemeji barazani, maana mdogo wake mume wangu alikuwa fundi nguo na kibaraza chetu ndicho kilichokuwa karakana yake. Cherehani ikilia najua ni mchana. Ikinyamaza najua jua limezama.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nguo za kawaida, nikaenda chumba cha giza. Dawa zilikuwa zimegeuka rangi kama chai ya rangi iliyolala. Nikazimwaga, nikaosha sinia, nikachanganya nyingine. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mikono ilikwenda yenyewe.

Siku hiyohiyo shemeji aliingia na kifurushi kilichokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam.

Hapo inafaa nieleze. Studio yetu haikuwa na mashine ya kukuzia picha. Tulichoweza ni kuweka negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo weupe huonekana mweusi, juu ya karatasi, tukawasha taa, tukapata picha yenye ukubwa uleule wa negativu, kiasi cha kuingia mfukoni. Mteja akitaka picha kubwa ya kutundika ukutani, tulifunga negativu kwenye bahasha ngumu, ikapanda treni, ikaenda kwa studio moja ya Dar, na baada ya wiki kadhaa ikarudi pamoja na picha. Ndivyo ilivyokuwa tangu kabla ya Uhuru, na hakuna aliyelalamika sana. Lakini miaka ile ya watu kuhamia vijijini kazi ilizidi. Watu walihama nyumba walizozizoea, na kabla ya kuhama, au mara tu baada ya kuhama, walitaka picha. Sijui kwa nini. Labda ukuta mpya unakuwa mtupu mno.

Nikafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na picha kubwa ya bibi harusi, msichana mwembamba mwenye shela na glavu nyeupe, amesimama mbele ya gari.

"Huyu nani?" shemeji akauliza.

"Simjui."

"Si tulituma negativu ya mke wa mzee wa Puge?"

"Ndiyo."

Tukakung'uta bahasha. Negativu iliyokuwemo ilikuwa ya bibi harusi yuleyule. Ya mke wa mzee haikuwamo, na hatukuwahi kuiona tena, ingawa shemeji aliuliza na kuuliza. Mzee wa Puge alikuwa mkulima, Mmoraviani, na mkewe alikuwa amefariki wakati wa masika. Mume wangu alimpiga yule mama picha moja tu maishani mwake, akiwa anapepeta mpunga.

Mzee alikuja siku ya gulio. Shemeji alijificha kwenye cherehani yake, akaniachia mimi. Nikampa ile picha mkononi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumwambia. Aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa mfupi." Akaigusa glavu kwa kidole. "Tena hakuwahi kuvaa glavu."

"Walikosea huko, mzee wangu. Tumejaribu kuitafuta."

"Huyu ni mtoto wa watu," akasema. "Mrudishieni mama yake." Akaiweka mezani uso juu, taratibu, akachukua kofia yake, akaaga vizuri tu, akaondoka.

Nilipaswa kuona uchungu. Niliona tu kwamba mikono ya koti lake refu ilikuwa imekatwa ikawa mifupi na kwamba fundi wake hakuwa mzuri. Lakini jambo moja nililijua kwa uhakika siku ile: negativu haitoki tena nyumbani kwangu. Nikamwambia shemeji, "Tutafute mashine yetu. Picha ikuzwe hapahapa, mbele ya macho yetu."

Shemeji alifurahi. Nadhani alifurahi zaidi kwa sababu nilikuwa nimetaka kitu. Akasema yupo mama wa Kihindi karibu na soko, mumewe alikuwa na studio, sasa mume na watoto wametangulia Dar na yeye amebaki kuuza vyombo. "Ana mashine ya umeme, shemeji. Ya kisasa. Unabonyeza tu." Nami nilikuwa nimesikia kwamba misheni kuna nyingine, ya kuchongwa kwa mkono.

Tulikwenda kesho yake. Nilichukua negativu moja ya kujaribia. Sikuichagua kwa sababu ya moyo, naomba nieleweke. Mume wangu alikuwa na negativu moja aliyoitumia kupimia lenzi: alijipiga mwenyewe karibu na dirisha, amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, nyuma yake ukuta wa matofali. Kanzu ilionyesha kama weupe unaungua, koti lilionyesha kama weusi unaziba, na mistari ya matofali ilionyesha kama lenzi inapinda. Kila kitu kilikuwa humo. Ukitaka kulinganisha mashine mbili unahitaji negativu moja, na ile ndiyo iliyokuwa nzuri kwa kazi hiyo. Hata yeye angeichukua ileile.

Yule mama alitukaribisha kwa chai ya tangawizi katikati ya masanduku yaliyofungwa kamba. Mashine ilikuwa ndefu, ya chuma cheusi, imesimama mezani kama korongo. Akafunga madirisha, akawasha taa nyekundu, akaniachia. Nikatia negativu, nikazungusha kirungu cha kupandisha lenzi, na kwenye ubao mweupe chini akatokea mume wangu, mkubwa, meusi yake meupe na meupe yake meusi. Nikaweka karatasi. Nikawasha, nikahesabu moyoni, nikazima. Nikaitumbukiza kwenye dawa.

Anayejua kazi hii anajua jinsi picha inavyokuja. Karatasi nyeupe tupu, unaitikisa sinia, mara vitu vyeusi vinatangulia: koti, nywele, mboni. Halafu uso unakusanyika kuzunguka macho. Yule mama aliinama karibu nami kutazama.

"Kijana mzuri," akasema. "Nani huyu?"

"Mtu wa hapa mjini."

Shemeji alitoka nje. Nilisikia mlango, na mwanga kidogo ukaingia pembeni. Nikasema, "Funga mlango, karatasi itaungua."

Nikaipeleka picha kwenye dawa ya pili, nikaiosha, nikaishika mbele ya taa. Katikati ilikuwa kali, ungeweza kuhesabu nywele za ndevu. Lakini pembe za juu zilififia, matofali yakawa kama yamemwagiwa maziwa. Nikamwambia yule mama tujaribu tena na lenzi imefungwa zaidi. Nilipowasha mara ya pili, taa ikapepesa, ikazimika, na nyekundu nayo ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tukasimama gizani, mimi na yeye, karatasi mkononi mwangu.

"Utarudi," akasema. "Huwa unarudi."

Hakuna kilichorudi, hata tulipomaliza birika zima la chai. Tukatoka.

Shemeji alikuwa barazani kwa mama yule, amejiinamia, analia waziwazi, mtu mzima, na wapita njia wakimwona. Nikampa ile picha iliyokwisha kukauka kidogo. "Tazama pembe za juu," nikamwambia. "Zinafifia."

Akanitazama badala ya kuitazama picha. "Shemeji," akasema, "wewe ni mzima?"

"Mzima. Nauliza pembe."

Njiani tulipita kwenye miembe ya njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyopangwa mistari kuelekea magharibi. Hapo akasema kwamba kwa maoni yake mashine ni nzuri, pembe si hoja, watu hutazama uso. Nikamjibu kwamba tutaona ya pili kwanza.

Ya pili ilikuwa misheni, kwenye karakana ya useremala. Bruda aliyeiongoza alikuwa Mzungu mzee aliyekaa huku miaka mingi kiasi kwamba Kinyamwezi chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza "mwangaluka" kana kwamba salamu moja haitoshi. Mashine yake aliichonga mwenyewe kwa mninga: sanduku refu lililolala, katikati lina mfuko wa ngozi uliokunjwa kama kinanda cha kuvuta, unaurefusha na kuufupisha. Lenzi aliitoa kwenye kamera mbovu. Nyuma, mahali pa taa ya umeme, paliwekwa karabai, ile taa ya pampu, na juu yake bomba la bati la kutolea moto na moshi.

"Haitaki waya," akasema. "Mafuta ya taa tu. Ukikosa mafuta, unatoboa dirisha, unatumia mbingu."

Shemeji alicheka kwa adabu. Ilionekana kama sanduku la kuku.

Bruda akaipiga pampu karabai mpaka ikanguruma. Nikatia negativu ileile. Mume wangu akatokea tena, safari hii ukutani, kwenye karatasi niliyoibana kwa pini, amelala kidogo upande kwa sababu sikuwa nimeweka sawa. Nikamsimamisha. Mwanga ulikuwa hafifu kuliko wa umeme, na ilibidi kungoja. Wote watatu tulisimama bila kutikisika, maana sakafu ya mbao ikitikisika na picha inatikisika. Karabai ilinguruma, chumba kikawa na joto na harufu ya mafuta ya taa, na yeye akatutazama kutoka ukutani muda wote huo. Nadhani sikuwahi kutazamana naye kwa muda mrefu hivyo alipokuwa hai. Mtu akiwa hai una kazi nyingi.

Tulipoisafisha, matofali yalikuwa matofali mpaka kwenye pembe. Kanzu ilikuwa na mikunjo yake. Kando ya sikio tu palikuwa na ukungu mdogo.

Bruda aliikazia macho picha ndani ya maji. "Huyu namjua," akasema. "Alikuja kunipiga picha na maseremala wangu. Alikuwa mcheshi. Ni mume wako?"

"Ndiyo, Bruda. Hapa kwenye sikio naona panatetemeka."

Akaiinua picha kidogo kutoka majini. Kisha akanijibu lile nililouliza, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. "Ni pampu," akasema. "Ukijaza sana, moto unaruka. Usijaze sana."

Akanionyesha jambo jingine. Ukivuta ule mfuko wa ngozi namna moja, picha inakua. Ukiuvuta namna nyingine, inapungua, negativu kubwa ikatoa picha ndogo ya kitambulisho. Na ukigeuza sanduku, ukatia filamu upande wa pili, unaweza kuipiga picha ya karatasi ikawa negativu upya. Mtu aliyebaki na picha moja tu iliyochanika, bila negativu, angeweza kupata nyingine. Ile ya chuma haikuweza hayo.

Jioni, barazani, shemeji aliweka picha mbili kwenye meza ya cherehani, ya umeme na ya karabai, kaka yake kushoto na kaka yake kulia. Alikuwa amekwisha kutulia.

"Ya umeme ni ya haraka," akasema. "Wateja kumi kwa muda wa mmoja. Na watu watatucheka, shemeji. Nchi inakwenda mbele, sisi tunarudi kwenye karabai?"

"Wateja wetu wanahamia wapi?"

"Vijijini."

"Kule kuna umeme?"

Akakuna kichwa. "Basi tupige kule, tusafishie hapa."

"Ndivyo alivyofanya marehemu. Alipiga Urambo, mimi nikasafisha hapa. Alibeba filamu juani, njiani, kwenye lori. Nataka mtu aione picha yake kabla sijaondoka kijijini kwake. Ikiwa si mke wake aniambie palepale."

Nilisema hayo bila kupandisha sauti. Sikuwa na hamu ya kushinda. Ingawa nakumbuka kwamba nilipomaliza, shemeji aliichukua picha ya umeme akaitia mfukoni mwake, akasema, "Hii naomba niwe nayo mimi. Pembe hazinisumbui." Ile nyingine nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia kabatini. Tukaelewana na Bruda, na sanduku la mninga likaja Ng'ambo juu ya mkokoteni, limefunikwa kanga, watu wakidhani ni jeneza la mtoto. Wawili watatu walitoa pole.

Miezi iliyofuata nilizunguka. Nilikwenda Puge, nilikwenda vijiji vipya ambavyo nyumba zake zilipangwa mistari na miti yake ilikuwa bado visiki. Nilitumia ghala, darasa, mara moja jiko la mama mmoja, nikatundika mablanketi dirishani na kuwasha karabai mchana kweupe. Wenyeviti wa vijiji walipenda sana neno kujitegemea walipoiona mashine yangu. Mmoja aliwaita watu akawaambia, "Mnamwona dada huyu? Hangoji Dar es Salaam." Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikangoja waishe.

Kisha nikaitwa Ulyankulu.

Ulyankulu wakati ule ilikuwa makazi mapya ya watu waliokimbia Burundi. Walikuwa wamekata msitu wa miombo wakajenga. Nilipanda lori lililobeba mahindi, sanduku langu nimelifunga juu ya magunia. Nilidhani watataka kupigwa picha, na wapo waliotaka. Lakini zaidi walileta picha walizotoka nazo: zilizokunjwa ndani ya nguo, zilizoloa, nyingine ni nusu. Hiyo ndiyo kazi ya kugeuza sanduku. Nilizipiga upya moja baada ya nyingine, zikawa negativu, zikarudi kuwa picha.

Siku ya pili alikuja mama mmoja, mrefu, amekwisha kuota mvi, aliyeongea Kiswahili kizuri kwa sababu aliishi Bujumbura. Nilimwamkia. Aliitikia, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa picha ndogo ya kwaya ya kanisani: vijana wamepanga mistari ngazini. Akaweka ukucha kwenye mstari wa nyuma, kwenye kichwa kidogo kama punje ya uwele.

"Mwanangu huyu. Mtoe hapo, umfanye mkubwa. Peke yake."

"Ni mdogo sana, mama. Akikuzwa mno hatatoka vizuri."

"Mtoe tu."

Nikaipiga. Nikasafisha filamu, nikaikausha kivulini, nikaitia kwenye sanduku. Yeye alikaa ndani pamoja nami, kwenye benchi la darasa lile la udongo. Hakutaka kungoja nje. Nilirefusha ule mfuko wa ngozi mpaka mwisho, na uso wa kijana ukajaa karatasi, ukubwa wa sahani. Nilipoitumbukiza kwenye dawa nilijua. Macho yalikuwa madoa mawili ya kijivu. Mdomo haukuwa na mwisho wala mwanzo. Kwa karibu zilikuwa chembe tu, kama mchanga uliomwagwa.

Nilimpa ikiwa bado mbichi. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu siye," akasema.

"Ni yeye, mama. Ni yuleyule wa kwenye picha yako."

"Nimemzaa mimi. Huyu siye. Umemfungua mno, ametawanyika." Akanirudishia. "Mrudishe."

"Nimrudishe wapi?"

"Awe mdogo. Polepole. Mimi nitakuambia."

Basi nikaufupisha mfuko wa ngozi kidogo, nikatoa picha nyingine, ukubwa wa kiganja. Akatikisa kichwa. Nikaufupisha tena. Akatikisa kichwa. Karatasi zilikuwa adimu, nami nilikuwa nimebakiwa na chache, lakini sikumwambia. Picha ilipofika ukubwa wa kiberiti, aliichukua, akasogea kwenye ufa wa mlango kulipokuwa na uzi wa mwanga, akaitazama sana. Nikaona bega lake limeshuka.

"Hapo," akasema. "Hapo yupo."

Hakulia. Alikaa tena kwenye benchi, ile picha ndogo juu ya goti lake ikikauka na kujikunja. Mimi nikazima karabai. Kimya kikaingia ghafla, kwa sababu karabai ikinguruma muda mrefu unaisahau, mpaka izime.

"Una mume?" akaniuliza.

"Alikufa."

"Pole. Umelia?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Walikuwa wakiniambia tu nilie.

"Bado," nikasema.

"Mimi pia bado." Akaikunjua picha kwa kidole gumba. "Watu wa hapa wananiona mgumu. Si ugumu. Ni kama mtu amebisha hodi na mimi sijapata nguvu ya kwenda kufungua."

Nikasema, "Ndiyo."

Tukakaa pale. Baadaye alinitoa nje, akanipeleka kwake, akanipa maharage na viazi vitamu, tukala pamoja kwenye sahani moja. Hatukuongea tena habari za wafu. Aliniuliza kama Tabora kuna uzi wa kufumia wa rangi ya njano. Nikamwambia upo, nitamtumia kwa dereva wa lori. Nilimtumia. Sikuwahi kumwona tena, ila dereva alileta salamu na kikapu cha viazi, mara mbili.

Mashine ya mninga ilifanya kazi miaka mingi. Haikuharibika, kilichotushinda ni karatasi na dawa, ambazo zilianza kukosekana, zikija haba na zimepitwa na wakati, mpaka picha zikawa za kijivu tupu. Shemeji alihamia kwenye mashamba ya tumbaku, akaoa, akaendelea kushona huko. Bruda alirudi kwao akiwa mgonjwa. Mama wa Kihindi alikuwa amekwisha kuondoka zamani, na ile mashine ya chuma nilisikia ilichukuliwa na mtu wa Mwanza. Mimi niliolewa tena, na mtu wa reli, mtu mwema asiye na maneno mengi. Studio nikaifanya duka la vitambaa.

Kulia nililia. Ilikuwa miaka ya foleni, nilipokuwa na mtoto tumboni. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi duka la ushirika kungoja sukari. Nilikuwa wa tatu kutoka mbele wakati muuzaji alipokung'uta gunia, akalikunja, akasema, "Imekwisha, akina mama. Mje wiki ijayo." Watu wakaguna, wakaanza kutawanyika. Mimi sikuweza kuondoka. Nikaanza kulia, na kilio chenyewe kikawa cha sauti, cha kupiga magoti, palepale kwenye vumbi, mbele ya watu. Muuzaji akaogopa. Akasema, "Jamani dada, ni sukari tu." Sikuweza kumwambia kwamba haikuwa sukari.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, aliyepata ya mwisho, alirudi. Simjui, alikuwa na baibui iliyofifia na ndala mguuni. Hakuuliza kitu. Alichuchumaa, akafungua mfuko wake wa karatasi, akatandika upande wa kanga yangu juu ya mapaja yangu, akamimina nusu ya sukari yake, akanifungia fundo.

"Haya," akasema. "Nyamaza sasa, utamwamsha mtoto."

Nikamwambia ahsante. Nikainuka, nikapangusa magoti, nikaenda nyumbani, fundo la sukari nimelishika kwa mikono miwili, na njia nzima niliendelea kulia, bila haraka, na watu niliowapita wakaniamkia, nami nikawaitikia.